Usinicheke na Mlima wa Lisonga

Mbinga,
6 Desemba 1987

Kaka Telesphor,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo mvua zikianza nayo huanza. Anakusalimu wewe, anamsalimu wifi yangu Marcelina, na anauliza kama mjukuu wake Priscilla ameanza kuongea Kiswahili au bado anasikia Kiswahili na kujibu Kizungu. Nilimwambia mtoto akijibu kwa lugha yoyote ni heri, kuna watoto hapa hawajibu kabisa. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Paa la jikoni limeezekwa upya.

Sasa nisikilize. Unajua tangu Baba afariki lori ninaliendesha mimi. Bado limeandikwa jina lake pale mbele, Usinicheke, rangi nimeirudishia mwenyewe. Kiangazi halina shida, kahawa yote ya Lisonga nimeishusha mimi. Shida ni masika. Mbolea inatakiwa ipande, unga upande, na mabati ya zahanati yapande, na mimi nikifika kona ya tatu ya mlima, magurudumu ya kushoto yanaingia kwenye tope na kuzunguka hapo hapo, huku ya kulia, yaliyo kwenye changarawe ngumu kabisa, yametulia yananitazama. Nashuka, tunakata majani, tunasukuma, tunarudi nyuma. Juzi tulishusha mzigo wote, akina mama wakaumaliza mlima na magunia kichwani wakiniimba. Wimbo wenyewe sikuandikii.

Baba Mdogo naye ametamka mbele ya ukoo kwamba baada ya Pasaka tutakaa kikao. Lori lisipopanda Lisonga masika hii, linauzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Songea, na mimi nitafutiwe kibanda cha kuuza chumvi. Kaka, mimi si mtu wa kuuza chumvi. Nikinyang'anywa usukani huu sijui nitaamkia nini asubuhi.

Nimesikia kuna magari ambayo magurudumu ya nyuma hufungwa yakazunguka kwa pamoja, moja likikwama lingine linavuta. Wewe ndiye uliyekwenda Ulaya kusomea magari, na kila mtu hapa anajua uko kwenye karakana kubwa. Niambie inafungwaje kwa vitu vya hapa. Kuna Fundi Fanuel na ile mashine ya kuchomelea ya misheni, kuna minyororo, na kuna mimi. Ujibu haraka, si kama ulivyojibu mwaka jana.

Mdogo wako,
Eufrasia


Edmonton, London,
3 Januari 1988

Mdogo wangu Eufrasia,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Barua yako imenifikia baada ya Krismasi. Marcelina alikuwa shifti hospitali sikukuu zote mbili, kwa hiyo kuku nilimpika mimi na Priscilla akamwonea huruma yule kuku. Mwambie Mama mtoto anaelewa kila kitu. Nikimwambia kwa Kiswahili azime televisheni, hunijibu kwa Kiingereza safi kwamba hakusikia. Lifti ya ghorofa yetu imeharibika tena, lakini tuna afya.

Kazini hawajambo.

Kuhusu lori, nimeuliza. Kuna mzee ninayeonana naye kila asubuhi kazini, upande wa Kenton, anaitwa Gurmit Singh. Alikuwa na gereji Iringa miaka mingi kabla ya kuhamia huku, na hakuna lori la milimani ambalo hajalilalia chini yake. Nilipomsomea barua yako aliacha uji ukapoa. Niliupasha moto mara mbili na mara zote mbili akaendelea kuzungumza.

Anasema hivi. Lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, difu, ndani yake kuna gia ndogo nne. Kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lingine kwenye kona. Ubaya wake ni kwamba nguvu hukimbilia upande ulio rahisi, na upande rahisi siku zote ni ule wa tope. Kwa hiyo fanya upande wa tope uwe mgumu. Kwanza, gurudumu likianza kuzunguka bure, kanyaga breki kidogo huku mafuta unaongeza, mara nyingine hiyo inatosha. Isipotosha, zima gari, pitisha mnyororo kwenye matundu ya rimu ya gurudumu linalozunguka, uzungushe kwenye springi, ukaze. Gurudumu hilo likishindwa kuzunguka, lile la pili litavuta. Toka taratibu mpaka upate ardhi, halafu fungua.

Njia ya kuzichomelea zile gia ndogo ziwe kitu kimoja ipo, lakini nakukataza. Nakukataza kama kaka yako mkubwa. Chuma kile ni kigumu, kikichomelewa na mtu asiyejua kinapasuka, na ukishafunga hakuna kufungua. Usimruhusu Fanuel aguse difu ya Baba mpaka mimi niseme.

Mpe Mama shikamoo yangu.

Kaka yako,
Telesphor


Mbinga,
1 Februari 1988

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea juzi kutoka kwa katekista, ambaye alikuwa anatembea nayo kwenye koti tangu sijui lini. Mama ametulia. Amefurahi kwamba unapika kuku, ila anauliza kama Marcelina hapati mapumziko. Dume la ng'ombe tumeliita London kwa sababu halirudi likiitwa.

Mnyororo nimeujaribu. Mzee wako anajua kazi, mwambie ahsante. Lakini kaka, ule ni mnyororo wa mtu mwenye kona moja. Mimi nina kona tano, na kila kona nipige magoti kwenye tope na gauni langu nikifunga na kufungua, watu wamejaa ukingoni wananipa ushauri. Breki nazo zilinisaidia siku moja zikanikatalia siku ya pili.

Nashukuru pia kwa onyo lako kuhusu kuchomelea. Nimelisoma vizuri.

Nina maswali kidogo ya kumuuliza mzee, kwa mfano tu, kuna mtu nafahamiana naye anataka kujua. Lori likipita kwenye kona kali ya pale kanisani, barabara ikiwa kavu, tairi za nyuma zikilia mpaka padre akatoka nje, hiyo ni kawaida? Na usukani ukitaka kwenda moja kwa moja wakati wewe unataka kukata, je, ni mambo ya kawaida ya uzee wa gari? Na tairi zikiwa zinaisha haraka, mtu huyo afanye nini?

Kule mlimani mambo ni mazuri. Sina zaidi.

Mdogo wako,
Eufrasia

Nakumbusha Pasaka ni mwanzoni mwa Aprili.


Edmonton, London,
28 Februari 1988

Eufrasia,

Marahaba. Sisi wazima, Priscilla ana mafua, Marcelina anakusalimu na anasema mapumziko anapata, mwambie Mama asiwe na wasiwasi.

Nilikuwa ninamfunga Mzee Gurmit kilemba, ile sehemu ya mwisho ambayo haitaki mzaha, na barua yako nilikuwa nimeiegemeza kwenye birika ili nimsomee huku mikono inafanya kazi. Nilipofika kwa padre aliyetoka nje, mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa chote kikafunguka kikamwangukia magotini, mkwe wake akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Telesphor," akaniambia, "dada yako amechomelea zamani. Difu nzima hailii kwenye kona. Hiyo ya kwake sasa iko kipande moja."

Nikamwambia haiwezekani, nimemkataza.

"Umemkataza Januari," akasema. "Mvua ilikuja Desemba. Mtu ya mlima hana time ya kungoja posta."

Kwa hiyo, mdogo wangu, nilikasirika njia nzima ya kurudi Edmonton, basi la kwanza, treni, na basi la pili. Nilipokuwa napanda ngazi, kwa kuwa lifti bado, nikajikuta ninacheka peke yangu. "Kuna mtu nafahamiana naye." Hata ulipovunja chungu cha Bibi ulisema kuna mtu.

Mzee hajakasirika hata kidogo. Tangu siku ile amechangamka, ananiuliza habari zako kabla sijavua koti. Anataka kujua mambo mawili. Kwanza, chuma kilipoozwa vipi, maana kama Fanuel alikimwagia maji, kitapasuka, na mlimani si mahali pa kupasukia. Pili, kama shafti zako, zile mbili zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu, zinatolewa kwa kufungua nati za nje bila kushusha gurudumu. Anasema lori la aina yako liko hivyo.

Kama ni hivyo, dawa ya tairi zako hii hapa. Ukitoka mlimani na barabara ikiwa kavu, chomoa shafti ya upande mmoja, yoyote. Tundu linalobaki lizibe kwa kifuniko cha bati, hata ukikata kopo la mafuta ya kupikia, na nati zile zile zirudishie, ili oili isitoke na vumbi lisiingie. Difu yako ikiwa imefungwa, gurudumu moja litaendesha lori bila shida, na kona utakata bila kumsumbua padre. Mzigo usiwe mkubwa. Mvua ikirudi, rudisha shafti, panda mlima. Difu ambayo haijachomelewa haiwezi kufanya hivi. Ukichomoa shafti moja, gari haliendi popote. Mzee alinichorea kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari inatembea. Mchoro huo nimeuweka humu.

Na juu mlimani, difu ikiwa imefungwa hivyo, usikate kona ghafla ukiwa na mzigo kwenye mwamba mkavu. Shafti itakatika.

Nijibu la kupooza. Mzee anauliza kila siku, na mimi pia silali vizuri.

Kaka yako,
Telesphor


Mbinga,
17 Aprili 1988

Kaka Telesphor,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mzee Gurmit. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka kukuandikia baada ya kikao, si kabla.

Nianze na la kupooza. Ni kweli, tulichomelea kabla ya Krismasi, na zile habari za mnyororo na breki nilizitunga tu. Difu tuliishusha wenyewe, tukaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, Fanuel akaipasha moto kwanza kwenye makaa ya mhunzi, akachomelea. Fanuel mwenyewe alitaka kuiweka tu chini ya mti ipoe. Mama ndiye aliyekuja akatazama akasema kitu cha moto hivyo hakiachwi kwenye upepo, kitashtuka. Akatuamuru tuibebe jikoni kwake, akafukua majivu ya jiko lote, tukaifukia humo jinsi anavyofukia viazi. Kulipokucha ilikuwa bado vuguvugu. Siku ile tulikula ugali wa kuomba kwa jirani. Kwa hiyo mwambie mzee kilipoa polepole, na fundi wa kupooza ni mama yako.

Shafti zinatoka kama alivyosema. Kifuniko nimekata kwenye kopo. Padre amerudi kuwa rafiki yangu.

Sasa kikao, ambacho kiliitwa kule juu Lisonga kwa wazee wa ukoo, na Mama nilikuwa nimempandisha jana yake. Jumatano baada ya Pasaka, Baba Mdogo alikuja na yule mfanyabiashara kutoka Songea kwa pikapu nzuri ya rangi ya kahawia. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Pikapu ilifika chini ya Lisonga ikagoma pale pale kwenye kona ya kwanza, na mimi nikawakuta wamesimama pembeni, viatu mkononi, mimi nina mabati ya zahanati nyuma. Nikawasalimu vizuri. Nikawaambia kama wanakwenda kwenye kikao cha kuuza lori, mimi naelekea huko huko, wapande.

Baba Mdogo alikaa katikati, kofia ameishika kwa mikono miwili. Kona ya tatu magurudumu ya kushoto yakaingia kwenye tope kama kawaida yao. Nilisikia Baba Mdogo anavuta pumzi. Upande wa kulia ukashika changarawe, ukavuta, Usinicheke likainuka likaendelea, polepole, bila hata kuyumba. Kona ya nne. Kona ya tano. Wale akina mama wa magunia walikuwa ukingoni, safari hii wakaimba wimbo mwingine, na huo nitakuandikia siku moja. Kaka, nililia. Niliendesha nalia nacheka, na mwanamume wa Songea ananiuliza kama naona njia.

Kikaoni kukawa na tatizo jipya. Yule bwana alikuwa amekuja kununua lori bovu kwa vipuri. Sasa alilitaka lenyewe, na alilitaka sana, alipandisha bei mpaka wazee wakaanza kutazamana. Nikaona nimejimaliza mwenyewe. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Kilichopoa kwenye majivu ya jiko langu hakiuzwi." Basi. Baba Mdogo akavaa kofia yake akasema kikao kimefungwa, na kwamba lori lina dereva. Alisema hivyo mbele ya watu wote, lori lina dereva.

Sasa lako. Barua zako ninamsomea Mama, unajua. Nilipofika mahali pa kilemba akaniambia rudia. Nikarudia. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza tangu ule uji uliopoa, maana sijaona gereji ambayo fundi hunyweshwa uji, lakini sikutaka kusema. Mama ndiye aliyesema. Akasema, "Telesphor hatengenezi magari. Mwanangu anamvisha mzee wa watu asubuhi, anamlisha." Aliinuka akaenda kule chumbani alikolala Baba miezi yake ya mwisho, ambako tulikuwa tunamgeuza na kumwosha kwa zamu na wewe uko mbali. Alipotoka alikuwa anatabasamu. Akasema, "Hakumpata baba yake, basi kampata huyo." Halafu akaanza kuchagua kahawa nzuri ya kumtumia mzee, punje moja moja.

Hatukuulizi kwa nini hukusema. Kama ni kwa sababu ya watu wa hapa, watu wa hapa waliniimba mimi pia. Wanabadilisha wimbo.

Mbali na kahawa, kuna kaseti. Nilimwazima mwalimu redio yake, nikaiweka kwenye kiti na kuifunga kwa khanga, tukapanda Lisonga mvua inanyesha, nayo inanasa sauti. Mwekee mzee asikilize mwenyewe.

Mdogo wako,
Eufrasia,
Dereva


Edmonton, London,
15 Mei 1988

Mdogo wangu, dereva,

Marahaba. Barua yako niliisomea kwenye ngazi, ghorofa ya pili, nikashindwa kuendelea kupanda. Jirani mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mama yangu amenitumia kahawa.

Ni kweli. Karakana niliyosomea ilinitaka kwa muda mfupi tu, baada ya hapo nikapata kazi hii, na ninaipenda. Ninakwenda nyumba kwa nyumba. Nilikuwa naona aibu kwa Mama, kwa kuwa wakati wa Baba sikuwepo, na ningemwambiaje kwamba ninawaosha wazee wa wengine. Sasa yeye ameniambia mimi. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nimefurahi, Eufrasia, nimefurahi tangu siku ile mpaka leo, na Marcelina anasema ninaimba bafuni.

Priscilla amesikiliza kaseti. Akauliza kwa Kiingereza ni mnyama gani huyo. Nikamwambia ni shangazi yako. Akasema, kwa Kiswahili, "Tena."

Na Mzee Gurmit. Ujue kwamba upande wake wa kulia wote haufanyi kazi, umebaki wa kushoto. Nilimketisha dirishani kwenye kiti chake, bado hajafungwa kilemba, nywele zake nyeupe mabegani, nikawasha. Injini iliponguruma alifumba macho. Kidogo nikaona mkono wake wa kushoto unatoka chini ya blanketi. Ukashika kitu ambacho hakipo, pembeni ya goti lake, ukasukuma mbele. Gia namba moja. Baadaye ukavuta, namba mbili. Kona ya tatu lori lilipoanza kuhema, yeye alikuwa ameshabadilisha kabla yako. Akafumbua macho akaniambia, "Mwambie anachelewa hapa. Namba moja mapema, kabla ya tope. Na shafti ya kushoto atazame, iko na sauti kidogo." Kisha akasikiliza akina mama wakiimba mpaka mwisho, mashavu yamelowa, anacheka.

Mkwe wake amenunua betri nyingi. Kahawa ya Mama anakunywa yote, hasazi. Kila asubuhi ninaingia, ninavua koti, ninatoa kile kitambaa kirefu cha kilemba, naye ananionyesha redio kwa kidole.

"Hiyo baadaye," ananiambia. "Kwanza tupande mlima."

Kaka yako,
Telesphor